Kupima kripu ya metali bila kusubiri miaka: mwongozo kwa karakana za Nyanda za Juu Kusini

Mabomba ya mitambo mikubwa ya mvuke hupangiwa maisha ya saa 100,000 au zaidi. Hiyo ni miaka 11 na miezi kadhaa. Mwanafunzi wa uhandisi akitundika sampuli yake ya metali na mzigo wake siku anayoanza mwaka wa kwanza pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), Iyunga, atahitimu na kupata kazi, na sampuli itakuwa bado na miaka saba mbele yake. Hakuna chuo wala kiwanda kinachoweza kufanya uamuzi kwa mwendo huo, ndiyo maana kila anayeshughulika na kripu, yaani metali kurefuka polepole chini ya mzigo, hutafuta njia ya mkato.

Njia za mkato zipo, na nyingi unaweza kuzijaribu Mbeya, Iringa, Njombe au Mafinga kwa vifaa vya madukani. Wengi hudhani kuharakisha maana yake ni kuongeza moto na mzigo basi. Hiyo ndiyo njia yenye hatari kuliko zote. Muda mwingi zaidi unaokolewa kwa kupima mabadiliko madogo kwa usahihi, na kwa kuibana sampuli moja itoe majibu mengi. Moto na mzigo huongezwa baadaye, kwa kiasi, na kwa kuhakikisha kuwa metali bado inarefuka kwa namna ileile.

Kwanza, kripu yenyewe

Kripu ni metali kurefuka polepole chini ya mzigo usioongezeka. Mzigo ni mdogo, hauwezi kuikata leo wala kesho, lakini atomu zinahama taratibu na umbo linabadilika. Mwanzoni urefukaji huwa wa haraka kisha hupungua kasi. Hufuata kipindi kirefu cha kasi isiyobadilika sana. Mwishoni kasi hupanda tena, vitundu na nyufa hujitokeza ndani, na metali hukatika. Mhandisi anahangaikia zaidi kile kipindi cha katikati, kwa sababu ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya maisha ya kifaa.

Kripu huanza kuwa jambo la kuhesabika joto linapofika karibu asilimia 40 ya joto la kuyeyuka, ukihesabu kwa kelvini (nyuzi za Selsiasi jumlisha 273). Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, yaani kelvini 1,811, hivyo mpaka wake ni kama nyuzi 450. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na mpaka wake ni kama nyuzi 100. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327. Asilimia 40 yake ni kama nyuzi 33 chini ya sifuri. Maana yake hata usiku wa baridi kali wa Julai kule Uporoto, kwa risasi hiyo bado ni hali ya joto. Waya wa risasi na bati wanaotumia mafundi redio na simu unafanya mezani kile ambacho bomba la chuma hufanya ndani ya tanuri, na kanuni za hesabu ni zilezile. Tutajifunzia hapo.

Hatua ya 1: Amua kama kuna kripu ya kupima

Hatua hii hurukwa sana. Boila za viwanda vya chai vya Mufindi na Rungwe hutoa mvuke wa kukaushia majani. Mvuke uliojaa wa baa 10 kwenye geji una joto la nyuzi 184 hivi. Chuma cha kawaida kwa joto hilo hakina kripu ya kukupa wasiwasi. Ukiona bomba la boila ya namna hiyo limevimba, usikimbilie kupima kripu ya chuma. Kagua ukoko wa chokaa ndani ya bomba na historia ya kiwango cha maji. Ukoko ukizuia joto kupita, au maji yakishuka chini ya bomba, ukuta wa chuma unaweza kupanda hadi joto la kripu na kulipita, na kosa hapo ni la maji.

Nyaya za umeme za alumini ni habari nyingine. Zinavutwa miaka yote, zinapigwa jua, na umeme wenyewe unazipasha. Zinarefuka na kulegea kadiri miaka inavyokwenda, hata bila kuchemka. Wahandisi wa njia za umeme huhesabu urefukaji wa miaka 10 mbele kabla ya kukubali urefu wa nguzo, au huivuta waya kwa nguvu zaidi kwa muda mfupi kabla ya kuifunga, ili sehemu ya kripu ya mwanzo iishie hapo. Anayefuatilia njia ya kilovolti 400 ya Iringa, Mbeya, Tunduma hadi Sumbawanga anaangalia kitu ambacho hesabu za kripu zimo ndani yake.

Mitambo ya makaa ya mawe yenye mvuke wa nyuzi 540 na kuendelea ndiyo uwanja wenyewe wa kripu ya chuma. Kwa kanda yenye makaa ya Kiwira na Mchuchuma, ni elimu ya kuwa nayo mapema.

Hatua ya 2: Tayarisha waya

Nunua waya wa kulehemu wenye bati asilimia 60 na risasi 40, unene wa milimita 1. Usome mfuko wake, kwa sababu siku hizi kuna waya usio na risasi unaoyeyuka kwenye nyuzi 227 hivi, wakati ule wa bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Usichanganye hizi mbili katika jaribio moja.

Waya huu una tundu katikati lililojazwa flaksi (dawa ya kusaidia waya kushika unapolehemu), na flaksi haibebi mzigo. Ukihesabu eneo la duara la milimita 1 utapata milimita za mraba 0.785, na utakuwa umekosea. Pima uzito wa kipande cha mita 1 kwenye mizani ya sonara au ya maabara, toa asilimia ya flaksi iliyoandikwa kwenye mfuko (mara nyingi ni 2), kisha gawanya kwa msongamano wa gramu 8.5 kwa sentimita ya ujazo. Kwa waya wenye flaksi asilimia 2, eneo halisi la metali hutoka karibu milimita za mraba 0.68. Tofauti hiyo ya karibu asilimia 15 kwenye mkazo, yaani nguvu gawa kwa eneo, inaweza kuongeza kasi ya kripu maradufu, utakavyoona kwenye hatua ya 5.

Kata vipande vya sentimita 120 vyote kutoka kwenye roli moja, kisha viweke vyote pamoja kwenye mvuke wa maji yanayochemka usiku kucha. Waya uliotoka kiwandani umevutwa, na punje zake za ndani (fuwele ndogo zinazounda metali) bado zinajipanga. Usipoupasha kwanza, utakuwa unapima waya unaobadilika huku unaupima.

Usifunge fundo. Fundo hubana, huteleza na hukata. Zungusha ncha ya waya mara nne au tano kwenye bolti laini yenye unene wa milimita 20, kisha ndipo ubane mwisho wake kwa washa na nati. Msuguano wa mizunguko hupokea mzigo kidogo kidogo, na waya hautakatikia mdomoni. Acha sentimita 50 zilizonyooka katikati. Hizo ndizo utakazopima.

Kwa mzigo, chupa ya plastiki yenye maji inatosha. Maji ya mililita 400 ni gramu 400. Jumlisha na uzito wa chupa. Uvutano wa dunia huku kwetu ni 9.78, hivyo gramu 400 ni nyutoni 3.9, na kwa eneo la 0.68 mkazo unakuwa megapaskali 5.75. Uzuri wa maji ni kwamba unaongeza kwa bomba la sindano bila kuutikisa waya. Chini ya chupa weka ndoo ya mchanga.

Nawa mikono kwa sabuni kila unapomaliza. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Vyombo vya jaribio hili visirudi jikoni, na usile mezani pa kazi.

Hatua ya 3: Joto lisiloyumba

Hapa ndipo majaribio mengi ya nyanda zetu huharibikia. Juni na Julai, chumba cha karakana Mbeya au Njombe kinaweza kupishana zaidi ya nyuzi 10 kati ya alfajiri na saa nane mchana. Waya wa sentimita 50 wa bati na risasi hurefuka kwa joto peke yake karibu milimita 0.012 kwa kila nyuzi moja. Nyuzi 10 ni milimita 0.12. Hiyo inatosha kufunika kripu yote ya saa kadhaa, na mbaya zaidi, inapanda mchana na kushuka usiku hadi unaona waya umefupika.

Vyanzo vitatu vya joto thabiti vinapatikana hapa.

Cha kwanza ni mvuke. Simamisha bomba la chuma la inchi moja na nusu, lizungushie blanketi kuukuu, pitisha waya katikati, na ingiza mvuke wa birika kwa juu utoke chini. Ncha ya chini ibaki wazi kabisa, mvuke usipate mahali pa kujifungia. Usitumie bomba la plastiki la maji, litalainika. Joto ndani ya bomba litashikilia kiwango cha kuchemka kwa maji saa zote, bila kifaa chochote cha umeme cha kulidhibiti.

Lakini kiwango hicho si nyuzi 100. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 94. Njombe ni karibu 93. Pima kwa kipimajoto chako mwenyewe, usinakili kitabuni. Ukiandika 100 mahali pa 94, nishati utakayoihesabu kwenye hatua ya 6 itatoka pungufu kwa asilimia 8 hivi, na kasi utakayotabiri kwa joto jingine inaweza kukosea kwa theluthi.

Cha pili ni boksi la kutotolesha vifaranga. Vidhibiti vyake vinauzwa kila mji, vimetengenezwa kushikilia nyuzi 37 hadi 38, na vingi vinakubali kupangwa juu zaidi. Tengeneza boksi refu la plaiwudi, weka balbu chini, feni ndogo ya kompyuta ya kuchanganya hewa, na kitambuzi cha joto karibu na katikati ya waya. Kikitegwa vizuri joto halitapishana zaidi ya nusu nyuzi. Panga 38, halafu 55. Waya usipigwe na mwanga wa balbu moja kwa moja; weka kipande cha bati kati yao.

Cha tatu ni barafu iliyosagwa pamoja na maji yake kwenye bomba lililozungukwa. Barafu inayoyeyuka ni nyuzi 0 Mbeya kama ilivyo Dar es Salaam. Mwinuko hauibadilishi kwa kiasi cha kuonekana.

Hatua ya 4: Pima kidogo ili usubiri kidogo

Tuseme waya wako unarefuka kwa sehemu moja ya milioni 10 ya urefu wake kila sekunde. Kwa rula unaweza kuona nusu milimita, ambayo kwa sentimita 50 ni sehemu moja ya elfu. Utasubiri sekunde 10,000, karibu saa tatu, ili uone badiliko moja tu. Kwa kifaa kinachoona sehemu moja ya mia ya milimita utaona badiliko hilohilo la kwanza ndani ya dakika tatu na nusu. Kasi ya jaribio imeongezeka mara 50 na hujagusa moto wala mzigo. Metali haikusumbuliwa hata kidogo, kwa hiyo hakuna kinachopotoshwa. Ndiyo maana naiweka mbele ya njia zote nyingine.

Geji ya saa ya karakana inaona mia ya milimita, ila springi yake inasukuma, na kwa mzigo wa gramu 400 msukumo huo si wa kupuuzwa. Wenzo wa mwanga ni bora na ni rahisi zaidi. Chukua kijiti chepesi cha milimita 50 kinachozunguka kwenye pini, ncha yake iguse kibano cha chini cha waya. Kwenye pini bandika kipande kidogo cha kioo. Elekeza leza ya kufundishia kwenye kioo, na mwanga wake uangukie ukutani umbali wa mita 3. Kioo kikigeuka, mwanga hugeuka mara mbili yake, hivyo ukuzaji ni 3,000 gawa kwa 50, mara mbili: mara 120. Mia ya milimita inakuwa milimita 1.2 ukutani. Bandika karatasi ya grafu hapo na tega simu ipige picha kila dakika.

Vitu viwili vitakudanganya. Fremu ikiwa ya mbao itanywa unyevu na kunepa. Tumia chuma, na uifunge ukutani. Na mwanga wa jua ukiingia asubuhi, fremu itajipinda upande mmoja. Kabla ya kutundika waya wa jaribio, weka waya mnene wa chuma mahali pake na uache mfumo usomwe mchana kutwa. Mshale wa mwanga ukihama, tatizo liko kwenye fremu yako, lirekebishe kwanza.

Hatua ya 5: Waya mmoja, mizigo mingi

Njia ya zamani ni waya mmoja kwa kila mzigo. Njia ya haraka ni kupanda ngazi. Anza na mkazo mdogo, kama megapaskali 3. Subiri hadi vipindi sawa vya muda vitoe nyongeza sawa za urefu. Hapo umefika kwenye kipindi cha kasi thabiti. Andika kasi. Ongeza maji hadi 4, subiri tena itulie, andika. Endelea 5, 6, 8. Panda tu, usishuke, kwa sababu waya uliokwishabebeshwa mzigo mkubwa unabaki na kumbukumbu yake ndani.

Usiruhusu urefukaji wote upite asilimia moja au mbili. Waya ukirefuka kwa asilimia 1, eneo lake hupungua kwa asilimia 1 na mkazo hupanda hivyohivyo bila wewe kuongeza kitu, na hilo pekee linaweza kuongeza kasi kwa asilimia 5 au zaidi. Mwanafizikia Edward Andrade, aliyechapisha mwaka 1910 vipimo maarufu vya nyaya za risasi, alilitatua kwa kuufanya mzigo uzame ndani ya kimiminika kadiri waya unavyorefuka, ili upungufu wa uzito ulingane na upungufu wa eneo. Ni ufundi wa kupendeza, na ukiwa na ndoo ya maji na mzigo uliochongwa umbo linalofaa, unaweza kuurudia.

Sasa chora logi ya kasi dhidi ya logi ya mkazo. Kanuni ya Norton, ya mwaka 1929, inasema kasi huenda na mkazo uliopandishwa kwa kipeo n. Mteremko wa mstari wako ndio n. Kama mkazo umeongezeka mara mbili na kasi mara 16, n ni 4.

Usiichukulie n kama namba ya kujazia ripoti. Inakueleza metali inarefuka kwa namna gani. Karibu na 1, atomu zinasafiri mojamoja kutoka upande unaobanwa kwenda upande unaovutwa. Karibu na 2, punje zinateleza kwenye mipaka yake. Kuanzia 3 hadi 7, ni hitilafu za mpangilio wa atomu zinazopanda na kuteleza ndani ya punje. Mchanganyiko wa bati na risasi huonyesha zaidi ya moja ya hizi: kwenye mkazo wa kati n inaweza kuwa karibu 2, na kwenye mkazo mkubwa ikafika 5 hadi 7. Mstari wako ukipinda katikati, ushangilie, umeuona mpaka. Usiunyooshe kwa rula.

Ona gharama ya kuunyoosha. Mtu amepima kwenye mkazo mkubwa tu, akapata n ya 6, anataka kujua kitakachotokea kwenye mkazo mdogo mara 10. Kwa hesabu yake kasi itashuka mara milioni moja. Ikiwa huko chini n ni 2, kasi itashuka mara 100 tu. Katika hali mbaya zaidi, kifaa kitarefuka mara 10,000 kuliko alivyoahidi. Hapo ndipo ajali za kuharakisha hutokea.

Hatua ya 6: Pandisha joto kwa hesabu

Rudia kipimo cha mkazo mmoja kwenye nyuzi 38, 55 na 94. Waya uleule unaweza kutumika ukipanda, ilimradi urefukaji wa jumla ubaki mdogo. Kasi hufuata e kwa kipeo cha hasi Q juu ya RT, ambapo Q ni nishati ya kuamsha kripu, R ni 8.314 na T ni joto kwa kelvini. Kutoka vipimo viwili:

Q = R × ln(kasi ya pili ÷ kasi ya kwanza) ÷ (1/T1 − 1/T2)

Ukipata Q ya kilojuli 60 kwa moli, kwa mfano, kutoka nyuzi 20 hadi 94 kasi inaongezeka karibu mara 140. Kazi ya siku 140 inaingia siku moja. Kwa hiyo kwenye mvuke anza na mzigo mdogo sana, la sivyo waya utakatika kabla hujakaa.

Uhalali wa kuharakisha kwa joto una sharti moja: Q itoke ileile kati ya 38 na 55 kama ilivyo kati ya 55 na 94, na n isibadilike. Zikipishana sana, joto la juu limeamsha utaratibu mwingine wa ndani, na namba za mvuke haziwezi kutabiri maisha ya mezani. Jaribio lako halijaharibika. Limekuonyesha mwisho wa barabara ya mkato uko wapi.

Hatua ya 7: Boriti moja badala ya nyaya kumi

Hii ni njia ambayo maabara za utafiti zimeipenda miaka ya karibuni, na haihitaji mtambo. Shika boriti nyembamba upande mmoja kwenye jiliwa, tundika mzigo mdogo kwenye ncha ya pili. Mkazo kwenye ncha yenye mzigo ni sifuri, na unaongezeka sawasawa hadi kwenye jiliwa. Maana yake ndani ya kipande kimoja una mikazo yote, kuanzia mdogo hadi mkubwa, kwa wakati mmoja na joto moja.

Mafundi rejeta wana vijiti vya risasi na bati vya kuzibia. Mwombe fundi akumiminie kimoja kwenye kijungu cha alumini, kwenye hewa ya wazi, kisha kipigwe msasa kiwe bapa na chenye unene sawa, milimita 3 kwa 10 kwa 150. Kipashe usiku kucha kama nyaya. Kichore alama ndogo kila milimita 5 kwa ubavu, mandharinyuma yawe meupe, na simu isimame kwenye stendi isiyoguswa.

Kila picha inakupa umbo la boriti. Kwa programu ya bure ya kuchakata picha, soma kimo cha kila alama, kisha hesabu mpindo mahali pale kwa kutumia alama tatu zinazofuatana. Kasi ya mpindo kuongezeka huenda na umbali kutoka kwenye mzigo, uliopandishwa kwa kipeo n. Chora logi kwa logi. Mteremko ni n, na kama kuna mpaka kati ya tabia mbili, utauona umekaa mahali fulani kando ya boriti hiyo moja.

Hesabu hii inadhani metali inarefuka na kubanwa kwa kasi sawa. Kwa risasi na bati ni dhana nzuri kwa mipindo midogo. Kwa chuma cha kumimina chenye matundu, isiamini.

Ndugu yake ni jaribio la kulegea: vuta waya, funga ncha zote, na uangalie nguvu inavyoshuka kupitia kitambuzi cha mizani cha kilo 5 ambacho wanafunzi wa elektroniki hukiunganisha na Arduino, bodi ndogo ya kielektroniki. Nguvu inavyoshuka, waya unapita mikazo mingi yenyewe. Ni la haraka sana, ila fremu ikinepa kidogo tu majibu yanakuwa ya fremu. Lifanye baada ya kumudu mengine.

Hatua ya 8: Kata nyaya chache, tabiri nyingine

Watafiti Monkman na Grant walionyesha mwaka 1956 kuwa kwa metali moja, kasi ndogo kabisa ya kripu ukizidisha kwa muda wa kukatika, hukaribia namba isiyobadilika. Sampuli yenye kasi mara 10 huishi karibu sehemu moja ya kumi ya muda.

Acha nyaya tatu au nne zikatike kwenye hali ya haraka. Pata namba yako. Kwa hali ya polepole usisubiri kukatika. Pima kasi kwa wenzo wa mwanga hadi itulie, kisha gawanya. Umeokoa zaidi ya nusu ya muda, na hapa hujazidisha joto popote.

Hatua ya 9: Kutoka waya kwenda chuma

Mwaka 1952 Larson na Miller, wa kampuni ya General Electric, waliunganisha joto na muda katika namba moja: T × (C + log t), T ikiwa kelvini, t saa, na C kwa vyuma vingi ikichukuliwa 20. Hali mbili zenye namba sawa, kwa mkazo uleule, zinatarajiwa kukata metali kwa usawa.

Chukua bomba la nyuzi 540 kwa saa 100,000. Kelvini 813 mara (20 + 5) ni 20,325. Kwenye nyuzi 600, yaani kelvini 873, namba hiyo inatoa saa 1,900 hivi, kama siku 80. Kwenye nyuzi 650 inatoa saa 105, siku nne na ushee. Miaka 11 imekuwa siku nne, na mtu yeyote angetamani kuishia hapo.

Usiishie hapo. Kama C ya chuma chako ni 15 na si 20, jaribio lilelile la saa 105 kwenye 650 lina maana ya saa 21,000 tu kwenye 540, miaka miwili na miezi mitano. C lazima itoke kwenye vipimo vyako vya joto angalau tatu. Kanuni ya tahadhari inayotumika sana ni kutotabiri zaidi ya mara tatu ya muda wa jaribio lako refu kuliko yote. Vyuma vyenye kromiamu asilimia 9 hadi 12 vilifundisha hili kwa gharama: majaribio mafupi yalivisifu kupita kiasi, kwa sababu chembe ndogo zinazoviimarisha hubadilika taratibu ndani ya makumi ya maelfu ya saa, na mikazo inayoruhusiwa kwa baadhi yake ikabidi ishushwe baada ya mitambo kujengwa.

Kwa sampuli ya bomba lililoko kazini ipo njia ya kisahani: kipande cha kipenyo cha milimita 8 na unene wa nusu milimita kinachukuliwa kwenye ukuta wa bomba, kisha kinasukumwa na gololi ya milimita 2.5 ndani ya tanuri huku mnepo wake ukipimwa. Bomba linaendelea na kazi. Kwa chuo chenye tanuri ndogo linaloshikilia joto vizuri, kujenga kishikio cha kisahani ni mradi mzuri wa mwaka wa mwisho, na ni nafuu kuliko mtambo wa kuvuta.

Na kwa aliye na bomba la mvuke wa joto kali sasa hivi, kipimo cha haraka kuliko vyote tayari kinaendelea mbele yake. Kila kiwanda kinapozimwa kwa matengenezo, safisha sehemu zilezile zilizowekewa alama, acha bomba lipoe hadi joto la chumba, pima kipenyo cha nje kwa maikromita kwenye pande mbili zilizokingamana, na uandike tarehe, joto la chumba na saa za kazi tangu kipimo kilichopita. Kiasi ambacho kipenyo kimekua, gawa kwa kipenyo cha mwanzo, kisha gawa kwa saa. Hiyo ni kasi ya kripu ya chuma chako, kwenye mkazo wake halisi na joto lake halisi. Iweke kwenye grafu moja na majibu ya sampuli zako. Kasi ikianza kupanda kati ya matengenezo mawili mfululizo, bomba limeingia kipindi cha tatu, na oda ya jipya iandikwe kabla mtambo haujawashwa.